Mablanketi ya bweni: Dawa ya kuzuia moto hufaa tu ikijulikana imewekwa kwenye uzi gani

USIKU wa Septemba 5, 2024, moto ulizuka katika bweni la shule ya Hillside Endarasha Academy, Kaunti ya Nyeri, na kuwaangamiza wavulana 21. Miaka saba kabla ya hapo, Septemba 2017, wasichana 10 walipoteza maisha katika mkasa kama huo katika Shule ya Wasichana ya Moi, jijini Nairobi.

Orodha hiyo ina mizizi ya mbali. Machi 2001, wavulana 67 waliteketea katika Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos. Machi 1998, wasichana 26 walikufa Bombolulu, eneo la Pwani. Mikasa hiyo minne pekee imewaua watoto zaidi ya 120, wote wakiwa mahali ambapo wazazi wao waliamini walikuwa wamelala salama.

Kila janga la aina hii linapotokea, mjadala hurejea pale pale. Nani aliwasha moto? Mlango ulifungwa na nani? Kwa nini madirisha yalikuwa na vyuma? Maswali hayo ni ya haki na hayana budi kuulizwa kila mara hadi yajibiwe.

Hata hivyo, kuna swali moja ambalo huachwa nyuma. Moto ulipoingia bwenini, ulikuta nini cha kula?

Jibu ni vitambaa na sponji. Bweni la kawaida hubeba magodoro ya sponji, mablanketi, mashuka, sweta, makoti na mapazia, vyote vikiwa vimesongamana katika nafasi ndogo. Hata pale ambapo chanzo ni hitilafu ya umeme au mshumaa, ni vitambaa na sponji vinavyoigeuza cheche kuwa tanuri.

Ndiyo maana wazo la kutaka mablanketi yote ya shule yatiwe dawa ya kuzuia moto lina mvuto mkubwa. Nchi nyingine zimetumia dawa hizo kwa miongo kadhaa katika ndege, hoteli, hospitali na samani za nyumbani. Mtu aweza kudhani kwamba kazi iliyobaki kwa Kenya ni kuandika kanuni na kutangaza zabuni.

Historia ya dawa hizo inaonya kwamba mambo si mepesi kiasi hicho. Dawa yaweza kuwa kinga ya kweli, yaweza kuwa urembo usio na maana, na yaweza pia kuwa sumu. Kinachoamua ni aina ya uzi uliofumiwa kitambaa, kiasi cha mchanganyiko wake, na namna kitambaa hicho kinavyofuliwa baada ya kutoka dukani.

Nyuzi mbili, tabia mbili

Sufu, yaani manyoya ya kondoo, ni miongoni mwa nyuzi za asili zinazochelewa sana kushika moto. Ina naitrojeni kwa takriban asilimia 16, salfa kwa asilimia tatu hadi nne, na hunyonya unyevu mwingi kutoka hewani. Huhitaji joto la kati ya nyuzi 570 na 600 za Selsiasi ili iwake.

Isitoshe, sufu huhitaji hewa yenye oksijeni ya takriban asilimia 25 ili iendelee kuwaka yenyewe, ilhali hewa tunayopumua ina asilimia 21 pekee. Kwa sababu hiyo, kipande cha sufu kinachochomwa kwa kiberiti huvimba, hugeuka makaa meusi, kisha aghalabu huzima mara tu kiberiti kinapoondolewa.

Nyuzi zinazotengenezwa viwandani kutokana na mafuta ya petroli zina tabia tofauti. Poliesta huyeyuka inapofikia nyuzi 255 hadi 260. Nailoni nayo huyeyuka kati ya nyuzi 215 na 260 kutegemea aina yake. Kitambaa chepesi cha nyuzi hizi kinapoguswa na mwali mdogo hujikunja, hunywea na kutona, na mara nyingine huuepuka mwali huo kabla ya kuwaka.

Matone hayo ya moto huichoma ngozi ya binadamu vibaya. Ndiyo sababu mwaka wa 2006 makamanda wa wanamaji wa Marekani nchini Iraq waliwapiga marufuku askari wao kuvaa mavazi ya poliesta na nailoni walipokuwa nje ya kambi, baada ya waliojeruhiwa kwa milipuko kupatikana na nguo zilizogandamana na ngozi.

Akriliki ndiyo ya kuhofiwa zaidi katika kundi hili. Ni uzi mwepesi, wenye joto na bei nafuu, na kwa hiyo hupendwa sana katika kutengeneza sweta na mablanketi. Hata hivyo, huhitaji oksijeni ya asilimia 18 tu ili iendelee kuwaka. Kwa maneno mengine, hewa ya kawaida ya bweni huitosha na kusaza.

Koroboi ndani ya kitambaa

Ugumu halisi huanza pale nyuzi hizi zinapochanganywa. Mtu angetarajia kwamba blanketi lenye nusu ya sufu na nusu ya poliesta lingekuwa na usalama wa wastani, katikati ya nyuzi hizo mbili. Katika maabara mambo hayaendi hivyo.

Mfano mwepesi ni wa koroboi. Mafuta ya taa yakimwagwa peke yake hutiririka na kupotea, na utambi mkavu pekee haudumu. Vikiwekwa pamoja, utambi huyashikilia mafuta na mwanga hudumu usiku kucha.

Hivyo ndivyo inavyokuwa katika kitambaa cha mchanganyiko. Sufu hugeuka makaa yanayosimama imara bila kuyeyuka. Poliesta iliyoyeyuka, ambayo ingetona na kuondoka, hunaswa na makaa hayo na kuendelea kuungua papo hapo. Sufu imekuwa utambi, na poliesta imekuwa mafuta.

Wataalamu wa vitambaa wameijua hali hii tangu miaka ya 1960 na 1970, na walianza kuichunguza hasa katika mchanganyiko wa pamba na poliesta. Funzo lao ni moja: usalama wa kitambaa cha mchanganyiko hauwezi kukisiwa kwa kujumlisha tabia za nyuzi zake. Ni lazima kitambaa chenyewe kichomwe na kupimwa.

Funzo hili lina uzito wa pekee kwa Kenya. Mablanketi mengi ya bei nafuu yanayouzwa madukani na sokoni ni ya akriliki, ya poliesta, au ya nyuzi za kila aina zilizosagwa kutoka kwa nguo kuukuu na kusokotwa upya. Mnunuzi hujua rangi, uzito na bei, lakini ni nadra kujua kilichomo ndani.

Dawa iliyobuniwa kwa ajili ya kondoo

Mnamo miaka ya 1970, sheria za usalama wa vitambaa zilipoanza kukazwa katika mataifa ya Magharibi, hata sufu ilijikuta mashakani. Ilikuwa bora kuliko nyuzi nyingi, lakini haikuweza kufaulu katika baadhi ya majaribio mapya makali, hasa ya mazulia, viti vya ndege na mavazi ya wazimamoto.

International Wool Secretariat, shirika lililoanzishwa mwaka wa 1937 na wafugaji wa kondoo wa Australia, New Zealand na Afrika Kusini, liliwatwika watafiti wake jukumu la kutafuta suluhisho. Mtafiti Ladislav Benisek ndiye aliyebuni njia iliyokuja kufahamika kama Zirpro.

Njia hiyo hutumia chumvi za madini ya zirkoniamu au titaniamu zilizoungana na florini. Sufu hutumbukizwa katika maji yenye asidi kali na kupashwa joto, kazi ambayo yaweza kufanywa sambamba na ile ya kutia rangi. Ndani ya asidi hiyo, sehemu fulani za protini ya sufu hupata chaji chanya. Chembe za zirkoniamu, zenye chaji hasi, huvutwa na kung'ang'ania humo.

Kiasi kinachobaki kwenye uzi ni asilimia chache tu ya uzito wake. Kitambaa hakibadiliki rangi wala hakiwi kigumu mkononi. Lakini kikiguswa na moto, sufu hiyo hufanyiza makaa mazito na ya haraka zaidi, na oksijeni inayohitajika ili iendelee kuwaka hupanda hadi asilimia 27 au zaidi.

Hapa ndipo mtego ulipo. Dawa hii hushika kwa sababu sufu ni protini. Poliesta si protini, na haina mahali pa kuishikilia zirkoniamu. Blanketi la nusu kwa nusu likitumbukizwa katika beseni hilo, ni nusu yake tu itakayotoka na kinga. Nusu ya pili itatoka jinsi ilivyoingia.

Zaidi ya hayo, dawa huongeza makaa ya sufu, na makaa ndiyo utambi. Ikiwa mafuta, yaani poliesta au akriliki, bado ni mengi, mnunuzi atakuwa amelipia kinga ya upande mmoja huku upande wa pili ukisubiri kiberiti.

Ndiyo maana tiba hii hutumika hasa kwa vitambaa ambavyo sehemu yake kubwa ni sufu. Vitambaa vingi vya kufunikia viti vya ndege, kwa mfano, vimekuwa vikifumwa kwa takriban asilimia 90 ya sufu, na nailoni kidogo ya kuongeza uimara. Kadiri uzi wa kiwandani unavyozidi, ndivyo kazi inavyokuwa ngumu, hadi inapolazimu kutumia dawa ya pili kwa ajili ya uzi huo wa pili.

Njia nyingine ni kuacha kutegemea dawa inayopakwa baadaye. Kuna poliesta ambayo fosforasi huingizwa ndani ya uzi wenyewe kiwandani, kama ile inayouzwa kwa jina la Trevira CS. Kuna pia modakriliki na aramidi, nyuzi ambazo kwa umbile lake hazishiki moto kwa urahisi. Sufu ikichanganywa na nyuzi za aina hiyo, utambi hukosa mafuta. Tatizo ni kwamba nyuzi hizo ni ghali kuliko akriliki ya kawaida.

Thamani ya sekunde 40

Mkosoaji aweza kuuliza: kuna faida gani ya gharama hizo, ilhali moto ukikolea hakuna kitambaa kitakachosalia? Jibu la swali hilo liko katika sekta ya usafiri wa ndege.

Juni 2, 1983, ndege ya shirika la Air Canada ilitua kwa dharura Cincinnati, Marekani, ikiwa imejaa moshi. Kati ya watu 46 waliokuwemo, 23 walifariki. Moto ulilipuka na kuenea ndani ya ndege muda mfupi tu baada ya milango kufunguliwa.

Mwaka uliofuata, mamlaka ya usafiri wa ndege ya Marekani iliamuru kwamba sponji ya viti ifunikwe kwa tabaka linalozuia moto, na mashirika yakapewa hadi Novemba 1987 kutekeleza. Hesabu ya wataalamu ilikuwa kwamba tabaka hilo lingewapa abiria takriban sekunde 40 au zaidi za kutoroka.

Sekunde 40 zaweza kuonekana kuwa kitu duni. Lakini ndege ya abiria inatakiwa kuthibitisha kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa muda usiozidi sekunde 90. Katika hesabu ya aina hiyo, sekunde 40 ni karibu nusu ya maisha.

Kwa mtoto wa miaka 10 aliyeamshwa usingizini gizani, sekunde hizo zaweza kuwa tofauti kati ya kuufikia mlango na kuanguka katikati ya vitanda. Moshi huua kabla ya miali. Sponji, akriliki, nailoni na hata sufu yenyewe hutoa hewa ya sianidi zinapoungua, na mtu aliyeivuta hulegea kabla hajajua analokimbia. Kila kitambaa kinachochelewa kushika moto hupunguza kasi ya kujaa kwa moshi huo.

Hata hivyo, faida hiyo ina masharti. Abiria wa ndege hupata sekunde 40 akiwa na milango inayofunguka. Kyanguli, bweni lilimwagiwa petroli, mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Hakuna blanketi duniani, liwe limetiwa dawa au la, ambalo lingewatoa watoto wale nje.

Dawa iliyogeuka sumu

Sharti jingine linahusu afya. Marekani ilipita njia hii mapema, na makosa yake yanafaa kuwa funzo kwa wengine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nchi hiyo iliweka viwango vikali vya kuzuia moto kwa nguo za watoto za kulalia. Watengenezaji wengi walivifikia viwango hivyo kwa kuvitia vitambaa vya poliesta na asetati kemikali ya bromini iliyojulikana kama Tris. Wazazi walinunua wakiamini wamewalinda watoto wao.

Januari 1977, wanasayansi Arlene Blum na Bruce Ames walichapisha makala katika jarida la Science wakionya kwamba kemikali hiyo hubadilisha chembe za urithi na yaweza kusababisha saratani. Mwaka huo huo, nguo za watoto zilizotiwa Tris zilipigwa marufuku nchini humo. Mwaka wa 1978, utafiti mwingine ulionyesha mabaki ya kemikali hiyo katika mkojo wa watoto waliozivaa.

Lililofuata linafaa kuzikera nchi maskini. Baadhi ya nguo zilizokuwa zimepigwa marufuku Marekani ziliuzwa nje ya nchi hiyo, hadi serikali yake ilipoingilia kati mwaka wa 1978 na kuzuia biashara hiyo. Nguo isiyofaa mtoto wa Marekani ilionekana kumfaa mtoto wa kwingine.

Simulizi haikuishia hapo. Kemikali nyingine za bromini zilizotumika katika sponji na migongo ya vitambaa vya samani ziligunduliwa kuwa haziozi, husafiri mbali, na hujikusanya katika miili ya wanyama na watu. Mkataba wa Stockholm kuhusu kemikali sumu zinazodumu uliziorodhesha moja baada ya nyingine: mwaka wa 2009, 2013 na 2017. Kenya ni mwanachama wa mkataba huo tangu mwaka wa 2004.

Kwa hivyo, kanuni inayosema tu kwamba mablanketi ya shule sharti yawe na dawa ya kuzuia moto, bila kutaja ni dawa gani, yaweza kufungulia mlango shehena ambazo nchi nyingine zinatafuta pa kuzitupia. Mtoto hulala ndani ya blanketi kwa saa nane, akilipumua na kulitolea jasho, kwa miaka minne au zaidi.

Dawa za zirkoniamu hazimo katika kundi hilo la bromini, na hilo ni jambo la kutia moyo. Lakini nazo zina deni lake. Maji yanayotoka katika beseni la kutilia dawa huwa na asidi, madini na floridi. Nakuru na Eldoret ni miji ambayo imejulikana kwa viwanda vya sufu na mablanketi, na maji ya ardhini katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa tayari yana floridi nyingi kiasi cha kuyapaka meno ya wakazi rangi ya kahawia. Kiwanda kitakachoanza kazi hii bila mtambo wa kusafisha maji kitakuwa kikiwalinda watoto wa bweni kwa kuwaumiza watoto wa jirani.

Kipande cha sabuni

Kuna adui mwingine wa dawa hizi ambaye hatajwi katika vijitabu vya mauzo. Ni sabuni.

Kinga ya zirkoniamu ilikusudiwa kustahimili kufuliwa mara nyingi, lakini kwa uangalifu: maji ya vuguvugu ya nyuzi 40 na sabuni isiyo kali. Maji yenye alikali, mfano wa yale yenye magadi, huidhoofisha polepole. Kuna dawa nyingine za bei ya chini, zinazonyunyizwa tu juu ya kitambaa, ambazo hutoka zikifuliwa mara ya kwanza.

Mwanafunzi wa shule ya malazi hafui blanketi lake kwa maelekezo ya kiwanda. Hulifua Jumamosi karaini, kwa kipande cha sabuni ya mche au sabuni ya unga, kisha hulianika juani kwenye ua. Sabuni hizo zote mbili zina alikali. Baada ya mihula kadhaa, lebo inaweza kuwa bado inasomeka ilhali kinga ilikwisha kwenda na povu.

Kipimo kinachofanywa kwa blanketi jipya pekee, basi, hakimwambii mzazi lolote kuhusu blanketi la kidato cha tatu.

Maswali manne ya kuuliza

Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 uliweka masharti ya wazi kuhusu majengo. Nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Njia ya kupitia iwe na upana usiopungua mita mbili. Milango ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na vyuma. Hayo ndiyo ya kwanza, na kila mkasa uliofuata umeonyesha gharama ya kuyapuuza.

Vitambaa vinakuja baada ya hayo, si badala yake. Iwapo serikali, kaunti na bodi za shule zitaamua kuchukua hatua hiyo, kuna maswali manne ambayo mnunuzi yeyote, mkubwa kwa mdogo, anapaswa kupata majibu yake kabla ya kulipa.

La kwanza ni: blanketi limefumwa kwa nyuzi gani, na kwa asilimia ngapi? Bila jibu hilo, maswali mengine hayana maana. Mchanganyiko usiojulikana hauwezi kutibiwa, kwa kuwa dawa ya sufu si dawa ya poliesta wala ya akriliki.

La pili: dawa iliyotumika inaitwaje, na je, imo katika orodha ya kemikali zilizopigwa marufuku chini ya Mkataba wa Stockholm? Mfanyabiashara anayesema kwamba hiyo ni siri ya kiwanda anapaswa kurudishiwa bidhaa yake.

La tatu: je, blanketi lenyewe, likiwa limekamilika, limepimwa kwa moto? Kipo kipimo cha kimataifa, ISO 12952, kinachochunguza jinsi vifaa vya kitandani vinavyoshika moto kutokana na sigara na mwali wa kiasi cha njiti ya kiberiti. Baadhi ya mashirika ya kimataifa ya misaada hukitumia yanaponunua mablanketi ya waathiriwa wa majanga. Si jambo la kujivunia iwapo blanketi la mkimbizi litaulizwa maswali ambayo la mwanafunzi haliulizwi.

La nne: limepimwa baada ya kufuliwa mara ngapi, na kwa sabuni gani? Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, ndilo lenye uwezo wa kudai kwamba kipimo kifanywe kwa sabuni ya mche na karai, jinsi watoto wa Kenya wanavyofua, badala ya kuiga mashine za ng'ambo.

Gharama haiwezi kukwepwa. Blanketi lenye sufu nyingi na kinga ya kweli litauzwa ghali kuliko la akriliki. Kwa mzazi anayekopa ili kulipa karo, tofauti hiyo si ndogo, na haifai abebeshwe peke yake. Iwapo fedha hazitoshi kwa yote, busara inaelekeza zianze kwa milango, madirisha na nafasi kati ya vitanda, kisha mablanketi ya watoto wadogo zaidi, ambao huchelewa kuamka na kukimbia.

Kinachofaa kuepukwa ni njia ya mkato iliyo katikati: kibandiko cha "haliwaki" juu ya blanketi ambalo hakuna ajuaye limefumwa kwa nini, wala limetiwa nini, wala kama lililotiwa bado limo. Blanketi la namna hiyo ni hatari kuliko lile lisilo na dawa, kwa kuwa humfanya mwalimu aridhike, naye mkaguzi akatia sahihi na kuondoka.

Orodha ya mahitaji ambayo mzazi hukabidhiwa mwanawe anapojiunga na shule ya malazi huwa na mstari mfupi kuhusu blanketi: idadi, na mara nyingine rangi. Mstari huo unaweza kurefushwa kwa maneno machache bila kusubiri bunge wala tume, uanze kumtaka muuzaji aeleze ni nyuzi gani. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, na kwa familia zilizopoteza watoto Bombolulu, Kyanguli, Nairobi na Nyeri, tahadhari hiyo tayari imechelewa.